Kumbe lile dude la Mwanjelwa lilikuwa la kukondesha risasi!

Wapenzi wasomaji, wiki hii sina habari za mapenzi wala za nyumba ndogo. Nina habari ya dude.

Dude lenyewe nililikuta Mwanjelwa hapa hapa Mbeya, kwa jamaa mmoja anayenunua chuma chakavu. Lilikuwa limelala kati ya rimu ya baiskeli na sufuria lililotoboka. Chuma kizito, cheusi, kimepinda kama herufi C, na mkono mrefu wa kuvuta kama ule wa pampu ya kisima. Ubavuni lina kopo la chuma lenye skrubu juu yake, na mbele limeandikwa IDEAL. Uzito wake si mchezo, ukiliangushia mguuni wiki nzima huendi dansi.

Basi kijiwe kikaanza. Mmoja akasema ni mashine ya juisi ya miwa. Mwingine akaapa kwamba ni muhuri wa bwana posta wa enzi za mkoloni. Mama muuza maparachichi akasema hilo ni la kukamulia alizeti, kwa watu wenye subira. Fundi viatu wa jirani hakusema kitu. Alikuwa ameingiza kidole ndani ya lile kopo, ananusa.

Mara akatokea mzee mmoja, mstaafu wa idara ya wanyamapori, kafuata viazi vyake sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wajukuu zangu. Hili mmelitoa wapi?"

Hakusubiri jibu. Akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kiganja, akachomoa kipande kidogo cha chuma chenye tundu katikati. Mafundi wangekiita dai. Ubavuni kilikuwa na namba: 311. Mzee akacheka peke yake. "Hili ni la kukondesha risasi," akasema.

Hapo kijiwe kikakaa kimya. Neno risasi likitamkwa Mwanjelwa saa nne asubuhi, watu kwanza wanatazama kushoto na kulia.

Lakini msomaji, hebu tulitazame neno lenyewe. Sisi Waswahili tunasema risasi tukimaanisha kile kinachotoka kwenye bunduki, na tunasema risasi tukimaanisha yale madini mazito na laini yaliyomo kwenye betri ya gari. Neno ni moja, tumelipata kwa Waarabu, na halikukosewa. Zamani kilichotoka kwenye bunduki kilikuwa madini hayo hayo. Mtu aliyeyusha risasi, inayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, akaimimina kwenye kalibu, ikapoa, akapata risasi. Mpaka leo wako watu wa Marekani na Ulaya wanaofanya hivyo kama starehe, kama wewe unavyofuga njiwa.

Sasa tatizo ni unene. Risasi ya kumimina haitoki kalibuni na kipimo kamili. Kalibu zinatofautiana, na mchanganyiko wa madini nao unabadilisha mambo, kwa hiyo watu hupenda itoke nene kidogo halafu ipunguzwe. Nyembamba huwezi kuinenepesha. Hiyo 311 kwenye dai, alivyotueleza mzee, ni sehemu 311 kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 7.9 hivi. Ndicho kipimo cha bunduki ya .303 ya Mwingereza, ile waliyokuwa nayo askari wa KAR. Risasi ikitoka kalibuni imezidi hapo, huzidi kwa kama unene wa unywele wako mmoja. Unywele tu! Lakini mtutu unaujua unywele.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kweli kuna mifereji inayozunguka, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Risasi ikiwa nyembamba, moto wa baruti unapenya pembeni yake, unairamba na kuipaka ndani ya mtutu, na shabaha unaitafuta kwa tochi. Ikiwa nene kupita kiasi, pengine haiingii kabisa, au inaingia kwa ubishi na msukumo wa ndani unapanda. Ndiyo maana likatengenezwa dude hili. Unaisimamisha risasi juu ya dai, unavuta mkono, kidude cha juu kinaisukuma chini ipite kwenye tundu la kipimo. Inabanwa na kukonda palepale. Wakati huo huo kopo la pembeni linasukuma mafuta magumu, yanapita kwenye vitundu vya dai na kujaza vijifereji vilivyo kiunoni mwa risasi. Ukiurudisha mkono, risasi inapanda tena juu, imekonda na imepakwa.

Mafuta hayo ni ya nini? Ni ili madini laini yasigande kwenye mtutu yanapopita kwa kasi. Kwa kawaida ni nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta mengine. Msidharau mambo ya mafuta ya bunduki jamani. Mwaka 1857 kule India askari wa Mwingereza waliasi, na moja ya cheche zilizowasha moto ilikuwa habari kwamba karatasi za risasi, ambazo askari alizipasua kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu kaudhika, Mwislamu kaudhika, nchi ikawaka.

Kampuni ya Ideal ilianzishwa Marekani mwaka 1884 na bwana John Barlow, na mwaka 1925 ikanunuliwa na Lyman. Dude limefikaje Mbeya? Mzee anahisi ni Lupa, kule Chunya, ambako miaka ya 1930 wazungu wa kila aina walifurika kutafuta dhahabu, kila mmoja na bunduki yake. Hata George Rushby aliwahi kutafuta dhahabu huko, kabla hajawa bwana nyama na kuwamaliza simba wala watu wa Njombe katika miaka ya 1940. Sisemi dude ni lake, msije mkaninukuu vibaya.

Mimi wakati huo mawazo yangu yalikuwa kwa mjomba.

Mjomba wangu mkono wa kushoto ana vidole vitatu. Mwaka 2009 alikuwa analinda shamba kule Usangu, nguruwe pori wanamaliza mahindi, naye ana gobole. Gobole mnalijua: bomba lisilo na mifereji, unashindilia baruti kwa mdomoni, halafu unashindilia chochote. Siku hiyo chochote kilikuwa gololi ya beringi kuukuu. Ikaingia kwa taabu, ikafika katikati, ikakwama. Akaona potelea mbali, nguruwe wapo, akafyatua. Kati ya gololi na baruti palikuwa na nafasi tupu, na kitu kama hicho ndicho kinachopasua bomba. Bomba likapasuka. Vidole viwili vikabaki shambani, na sikio la kushoto mpaka leo unamsemesha kwa kupiga kelele.

Nilipomsimulia mzee, aliuliza swali moja: "Aliipima?"

"Kwa jicho, mzee."

Akalirudisha lile dai mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema katika kazi yake ameona vidole vingi vya watu wa magobole, na karibu wote walipima kwa jicho. Halafu akamgeukia mwenye chuma chakavu na kumwambia ajihadhari. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitaki mtu atengeneze risasi bila kibali, na dude kama hili likikutwa kwako maelezo yatakuwa marefu. Jamaa alitoka jasho. (Mjomba yeye alishayamaliza. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha haramu mwaka 2022, shangazi alimsindikiza mwenyewe hadi kituoni na kile kipande cha bomba kilichobaki. Akaulizwa kingine kiko wapi, akanyoosha mkono.)

Jioni nilipopita tena, dude lilikuwa limeshaondoka. Limepigwa nyundo, mkono mbali, mwili mbali, limepimwa kwa kilo pamoja na ile rimu ya baiskeli. Dai aliondoka nalo mzee, akasema atalipeleka polisi mwenyewe na kuwaeleza.

Kilichobaki ni yale mafuta. Fundi viatu alikuwa ameyachokonoa yote koponi kwa msumari, akayafinyanga donge la rangi ya kahawia, bado linanukia asali kwa mbali. Alikuwa anapitishia uzi wake humo kabla ya kushona soli ya raba yangu. Akaniuliza kama nyumbani kwetu tuna dude lingine kama lile, maana nta ya siku hizi haishiki.