Nani Anaweza Kuuzima Mtambo? Utangulizi wa Usalama wa Nyuklia Nchini Japani

Anayeingia katika elimu ya usalama wa nyuklia kwa mara ya kwanza hudhani atakumbana na fizikia nzito. Fizikia ipo, lakini ya kuanzia ni ndogo tu: kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Atomi huacha kupasuka mara moja, ila masalia yaliyomo ndani ya fueli huendelea kutoa joto, mwanzoni kiasi cha asilimia 6 ya nguvu yote ya kinu, na hupungua taratibu kwa siku na miezi. Basi lazima maji yazunguke, na ili yazunguke pampu zipate umeme. Wahandisi wa fani hii wanapokesha, mara nyingi wanakesha kwa ajili ya umeme huo.

Pale Fukushima Daiichi ulikatika. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la kipimo cha 9.0 liliuondoa mtambo kwenye gridi. Vinu vilivyokuwa kazini vikajizima, jenereta za dizeli zikawaka, na kwa dakika 50 hivi mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Kisha bahari ikaja, na maji yakapanda mita 14 hadi 15, juu kabisa ya kiwanja kilichokuwa mita 10 juu ya bahari. Jenereta nyingi ziliwekwa katika vyumba vya chini, zikazama. Moja ya kinu namba 6, inayopozwa kwa hewa na iliyokuwa mahali pa juu, ilisalimika, nayo ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6. Fueli ya namba 1, 2 na 3 iliyeyuka. Watu zaidi ya 150,000 walihama makwao.

Sasa tazama Onagawa, mtambo uliokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko hilohilo. Ulijengwa mita 14.8 juu ya bahari kwa sababu mhandisi Yanosuke Hirai, aliyekumbuka tsunami iliyopiga pwani ile mwaka 869, alikataa katakata pajengwe chini zaidi. Mawimbi yalifika mita 13 hivi. Mtambo ukapona, na wanakijiji waliobomolewa nyumba zao wakakimbilia humo.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo, hata Fukushima kwenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya TEPCO, mwenye mtambo huo, ilikokotoa kwamba tsunami ingeweza kufika mita 15.7. Hesabu hiyo ilimfikia mdhibiti tarehe 7 Machi 2011, siku 4 kabla ya maafa. Hapa ndipo fizikia inapotupa mkono, na swali linakuwa la utawala: mdhibiti huyo alikuwa nani? Alikuwa idara iliyokuwa ndani ya wizara ya uchumi, biashara na viwanda, wizara ileile iliyopewa kazi ya kuistawisha nishati ya nyuklia. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Tume ya Bunge iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa ilisema wazi, Julai 2012, kwamba ajali ile ilitokana na binadamu. Nakubaliana nayo, na ningependa kila mwanafunzi wa fani hii aanzie kwenye ripoti hiyo kabla ya kugusa mchoro wowote wa pampu.

Septemba 2012 idara hiyo ilivunjwa, ikaundwa mamlaka mpya ya udhibiti iliyotengwa na wizara ya viwanda. Kinu cha kwanza chini ya kanuni zake mpya kiliwashwa tena katika mtambo wa Sendai, Agosti 2015. Ushahidi mzito zaidi wa uhuru wake ulichelewa: Novemba 2024 ilikataa rasmi kuruhusu kinu namba 2 cha Tsuruga kiwashwe, kwa kuwa haikuweza kuthibitika kwamba chini yake hakuna ufa hai wa ardhi. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema hapana.

Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kujenga mitambo yao. Karibu basi katika somo hili, nawe uulize mapema, kabla zege halijamwagwa: mdhibiti wetu anateuliwa na nani, analipwa na nani, na je, anaweza kuamuru mtambo uzimwe bila kumwomba mtu ruhusa?