Askari wa Damu Wampigao Mwenye Nyumba

Mungu amekuwekea askari wengi ndani ya damu. Ni chembe nyeupe, ndogo sana. Mdudu wa ugonjwa akiingia, humtambua kuwa ni mgeni, humpiga, tena hutengeneza silaha za kumshika po pote alipo.

Katika ugonjwa uitwao lupusi, askari hawa hawatambui tena nani mgeni na nani mwenyeji. Sikia jinsi inavyokuwa. Kila siku chembe nyingi za mwili hufa, na mwili huziondoa upesi, kama mama afagiavyo kiwanja asubuhi. Kwa mgonjwa wa lupusi takataka hizo hukawia. Kiini cha chembe, kilichokuwa kimefichwa ndani, hubaki wazi, na askari hudhani ni adui. Mwaka 1948 munganga Hargraves wa Marekani na wenzake waliona kwa mikroskopi chembe nyeupe iliyomeza kiini cha chembe nyingine ya mwili ule ule! Silaha nazo hushikamana na takataka, huchukuliwa na damu, hukwama katika mafigo na kuyaharibu. Jua kali huua chembe za ngozi na kuongeza takataka. Kwa hiyo mgonjwa ajifunike vizuri.

Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Viungo vinauma, nywele zinaanguka, homa inarudi hata kama malaria haionekani katika damu, mashavu yanatoka madoa. Ndipo watu husema, “Amelogwa.” Hapana. Wala haambukizi mtu. Mume asimfukuze mke wake kwa ajili ya lupusi.

Wengi huomba dawa ya kuwatia askari nguvu. Nguvu wanazo, tena kupita kiasi! Dawa zetu, haidroksiklorokini na prednizoni, huwatuliza. Ukijisikia mzima usiache prednizoni ghafula, kwa maana mwili uliokwisha kuizoea waweza kuanguka. Munganga ataipunguza polepole. Na kwa kuwa askari wametulizwa, homa ikikushika usingoje kesho, njoo.

Kila mara ujapo hospitali, leta mkojo wa asubuhi katika chupa safi, hata kama huna maumivu. Mafigo huharibika kimya kimya, na mkojo hutuonyesha kabla miguu haijavimba.