Droni juu ya Arusha: tuanze kwa kusikiliza

Jumamosi mchana, matarumbeta ya harusi yakipita Kijenge juu ya pikapu, huenda juu yake kuna droni ya mpiga picha. Si mbali na hapo kipo kituo cha mikutano cha AICC na yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanakokutana marais wetu. Droni hiyohiyo hufika huko kwa dakika chache. Ndiyo maana kuirusha kunahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ingawa kibali humzuia mtiifu tu.

Kwa asiyetii, watu hukimbilia kutaja mtambo wa kuvuruga mawimbi. Droni nyingi za dukani huongozwa kwa masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8, na njia huijua kwa GPS. Mtambo humwaga kelele ya redio kwenye masafa hayo, na mara nyingine kwenye ya GPS pia. Picha kwenye rimoti huganda, kisha kioo huwa cheusi. Droni nayo husimama angani, hutua ilipo au hurudi ilikorukia.

Lakini gigahezi 2.4 ndiyo pia Wi-Fi ya ofisi na hoteli jirani. GPS nayo hutumiwa na ndege ndogo zinazotoka uwanja wa ndege wa Kisongo na watalii wa Serengeti. Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, Kongo, yamewafika: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba uvurugaji wa GPS katika vita vya waasi wa M23 unahatarisha ndege za kiraia, zikiwemo za misaada. Tena droni za waya wa faiba, kama za vita vya Ukraine, hazitegemei redio kuongozwa.

Arusha ianze na vipokezi. Antena zake hufungwa juu ya paa, hazitoi wimbi lolote, hunasa mawasiliano ya droni na rimoti, na kwa droni nyingi huonyesha hata aliposimama mrushaji. Askari anamfuata hapo hapo. Bila kumpata mrushaji, hasara hubaki bila mwenyewe: kwa taarifa za droni, uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulivurugikiwa na safari takribani 1,000 Desemba 2018, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Uwanja mpya wa mpira wa Arusha unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027. TCAA, mamlaka ya mawasiliano TCRA na vyombo vya ulinzi wakubaliane mapema: mtambo wa kuvuruga ushikwe na chombo kimoja, na usiwashwe kabla waongoza ndege wa Kisongo hawajaarifiwa. Nawe mpiga picha wa Kijenge, chukua kibali kabla hujarusha.