Kumhudumia Mgonjwa kwa Simu

Huduma ya afya kwa simu au video ni stadi inayojitegemea, na mwanafunzi wa uuguzi au ukunga hana budi kufundishwa hivyo. Amezoea kutazama na kugusa. Kwenye simu anabaki na sikio. Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti nchini Tanzania, stadi hiyo ina uzito wa pekee, kwani kata kama Maparoni, Kiongoroni na Msala zimezungukwa na mikoko na njia ya kwenda kituoni ni maji.

Zoezi la msingi ni la wanafunzi wawili waliopeana migongo, mmoja akiwa mama wa mtoto anayekohoa. Akiulizwa, "Anahema haraka?" mama atajibu ndiyo, na jibu hilo halisaidii. Muuguzi mzuri humwomba amfunue mtoto kifua, amtulize, kisha aseme "ee" kila kifua kinapoinuka, huku yeye akihesabu kwa saa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anahema haraka. Akilia, hesabu huanza upya.

Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka anahitaji rufaa mara moja. Hapo mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya mjini hupwaya. Kumwambia mama wa delta "njoo kituoni" hakutoshi: mwanafunzi aulize maji yanajaa au yanakupwa, boti iko wapi, mafuta yapo? Maji yakishakupwa, vijito vingine havipitiki. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga, namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, isiyo na malipo, ipigwe mapema.

Simu nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kabla ya swali la siri mwanafunzi huuliza, "Uko na nani hapo?" na ikibidi hutumia maswali ya ndiyo na hapana. Picha ya kidonda haibaki kwenye simu yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mazungumzo hayakatwi kabla mama hajarudia maelekezo kwa maneno yake. Daftarini huandikwa saa ya kumpigia tena, pamoja na namba ya jirani, maana chaji huisha na mtandao hupotea.