Je, Wajua? Ukili wa Kampala Ulivyofika Venice

Mkeka na kikapu, vitu ambavyo mkazi wa Ntinda, mtaa wa Kampala, huvipita kila siku bila kuvitazama mara mbili, vimeiletea Uganda heshima kubwa. Mwaka 2022 nchi hiyo ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na banda lake, katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, na majaji wakaitaja kwa heshima maalumu. Msanii Acaye Kerunen alipeleka kazi za ukili na nyuzi za mgomba zilizosukwa na wanawake wa Uganda, akazifumua na kuziunga upya. Mwenzake katika banda hilo alikuwa Collin Sekajugo.

Msanii mwingine wa Uganda anayegeuza vitu vya kawaida kuwa sanaa ni Sanaa Gateja. Mzaliwa huyo wa Kisoro alisomea usonara London, na usonara huo haujamtoka. Hukata karatasi kuukuu vipande vyembamba, akavikunja kimoja kimoja kuwa shanga, kisha akazishona kwa maelfu juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba yenye rangi ya udongo mwekundu. Ukisogea karibu, unaziona herufi za karatasi hizo zikichungulia ndani ya shanga.