Bastola ndogo, teke kubwa

Msomaji wangu mmoja wa Buyenzi ameniletea swali la mdogo wake. Kijana huyo anauza vitambaa Nairobi, amehangaika na makaratasi mpaka cheti cha silaha kikatoka, na sasa anataka kununua bastola yake ya kwanza, ya kuvaa ndani ya shati bila mtu kujua. Muuzaji alimtandikia tatu juu ya meza, akamsihi achukue iliyo ndogo kuliko zote: ni nyepesi, haitunishi shati, na tena mtu ambaye hajazoea silaha, alisema, ni vizuri aanze na ndogo. "Dada, nimwambie nini?"

Mwambie aiache. Mgeni wa bastola ndiye hasa asiyefaa kuanza na ile ndogo kabisa, na sababu yake ni mojawapo ya mambo ninayoyapenda kupita yote katika fizikia.

Habari za vibali sitazirefusha. Kenya wana Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 kila raia mwenye silaha aliamriwa kuhakikiwa upya. Tanzania wana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hapa Burundi tuna sheria ya silaha ndogo ya Agosti 2009, na nyuma yake kuna historia ambayo kila mtu mzima wa Bujumbura anaijua mwilini: mwaka 2007 watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini zilikuwa na silaha ndani, nyingi zikiwa bunduki za vita na mabomu ya mkono. Kwa mji uliopita huko, kuulizia bastola si jambo la mzaha, na ninalijibu kwa uzito huohuo.

Sasa twende Rumonge, ufukweni, mitumbwi inaporudi alfajiri na ndagala. Mtazame mvulana aliye kwenye mtumbwi uliojaa samaki. Anakanyaga ukingo, anajirusha mbele, anatua kwenye mchanga mkavu, na mtumbwi nyuma yake umesogea kidogo tu. Samaki wakishashushwa, mvulana yuleyule anarudi kuchukua kasia, kisha anaruka tena kwa nguvu ileile. Safari hii mtumbwi mtupu unachomoka kuelekea ziwani, kamba inavutika ghafla, na aliyeishika anapepesuka. Miguu ya mvulana ni ileile. Uzito wa kile alichokisukuma ndio uliobadilika.

Risasi ni mvulana, bastola ni mtumbwi. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina gramu 8 hivi, na huuacha mtutu kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, ukitumia kilo, upate 2.8. Kiasi hicho ndicho wanafizikia wanachokiita momenta, na sheria yake haina huruma: chochote risasi inachokipata kwenda mbele, bastola inapata kilekile kwenda nyuma. Gesi ya baruti nayo huongeza lake, tuiache.

Chukua CZ 75, hiyo Ceska ambayo msomaji wa magazeti ya Kenya anaijua kwa jina. Ina kilo moja hivi. Gawanya 2.8 kwa 1: inarudi nyuma kwa mita 2.8 kwa sekunde. Sasa chukua bastola ndogo ya kisasa ya nusu kilo, inayotumia risasi hiyohiyo. Inarudi kwa mita 5.6 kwa sekunde. Kasi imekuwa maradufu, na kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa kasi, tufanye hesabu hadi mwisho: ile nzito inaurudishia mkono jouli 3.9, ile nyepesi jouli 7.8.

Na risasi yenyewe? Jouli 490. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Baruti ni moja, kani ni moja, muda ni mmoja, lakini nishati haigawanywi sawa kwa sawa. Yule mwepesi ndiye anayeondoka nayo karibu yote, kwa sababu katika muda uleule amesafiri mbali zaidi akiwa anasukumwa. Risasi inapopita sentimita 10 za mtutu, bastola ya nusu kilo iliyo huru ingekuwa imerudi milimita 1.6 tu. Mpigaji anasalimika kwa sababu alichoshika ni kizito kuliko alichokirusha. Kwa hiyo kila gramu unayoipunguza kwenye bastola ili ikae vizuri kiunoni, unaipunguza kwenye kinga ya mkono wako.

Wenye silaha huku kwetu husema bunduki "inapiga teke", nami nashika neno lao, maana linatamkika na linaeleweka. Linalonisumbua ni jina la ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na kurudi. Wengi husema slaidi. Lugha iliyotoa kifuniko katika kufunika na kifagio katika kufagia haishindwi kutoa kitelezi katika kuteleza, basi nitasema kitelezi, na watoto wa shule wenye kitelezi chao uwanjani wataniwia radhi.

Kitelezi ndicho kinacholifanya teke kuwa mtumishi. Aliyelipanga jambo hili vizuri kuliko wote ni John Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, mwaka 1855, aliyefariki mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji. Bastola yake ya mwisho ilikamilishwa na Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935 kwa jina la Grande Puissance, risasi 13 ndani ya magazini moja, na jeshi la Ubelgiji likaichukua. Dola hiyo ndiyo iliyokuwa ikitawala kutokea Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Bastola nyingi za milimita 9 zinazouzwa leo duniani, Ceska na Glock zikiwemo, bado zinatumia mpango wa Browning.

Tatizo alilolikabili lilikuwa hili. Baruti inapowaka ndani ya chemba, shinikizo hupanda kupita mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ukifungua mlango wa nyuma wakati huo, ganda la shaba linapasuka na gesi inamrudia mpigaji usoni. Lakini mlango lazima ufunguke, tena wenyewe, ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Unajengaje mlango unaokataa kufunguka kwa muda ulio chini ya elfu moja ya sekunde, kisha ukubali?

Browning aliufunga mtutu na kitelezi kwa meno ya chuma, viwe kitu kimoja. Risasi inapoanza kwenda mbele, viwili hivi vinarudi nyuma vimeshikamana, milimita chache tu. Katika milimita hizo risasi inatoka na shinikizo linaporomoka. Hapo kisigino cha mtutu kinakutana na kipande cha chuma kilichomo ndani ya fremu, kinavutwa chini, mtutu unainama nyuma, meno yanaachiana. Mtutu unasimama. Kitelezi kinaendelea peke yake, kinavuta ganda tupu, kinalitupa pembeni, huku kikiibana springi iliyo chini ya mtutu. Springi ikishiba, inakirudisha mbele; kikipita juu ya magazini kinachota risasi mpya, kinaisukuma chembani, mtutu unainuka, meno yanakamatana. Yote hayo chini ya moja ya kumi ya sekunde, bila gesi kupitishwa kwenye bomba lolote, bila nguvu nyingine ila teke. Ukikoki bastola tupu polepole na kutazama kwa juu, utauona mdomo wa mtutu ukiinuka kidogo kitelezi kinaporudi nyuma. Kuinuka huko ndiko uvumbuzi wenyewe.

Turudi ufukweni, kwa sababu mtumbwi bado una kazi. Tuseme umefungwa kwa mpira mrefu kwenye kigingi kilichopigwa mchangani. Mvulana anaruka, mtumbwi unachomoka, mpira unavutika mpaka mwisho, kisha unaurudisha mtumbwi hadi ufukweni. Kigingi kikisimama imara, kazi inakamilika. Kikiwa kimechomekwa kwenye tope, mtumbwi unaondoka nacho, mpira hauvutiki vya kutosha, na mtumbwi unabaki unaelea katikati. Mpira ni springi. Kigingi ni kifundo cha mkono wako.

Ndiyo sababu bastola nzima kabisa, isiyo na hitilafu yoyote, hukwama mikononi mwa mtu aliyeilegeza. Fremu inarudi pamoja na kitelezi, springi haibanwi sawasawa, ganda linanaswa mlangoni, na mwenyewe anaapa kwamba ameuziwa mbovu. Bastola ndogo ina kitelezi chepesi na nafasi fupi ya kukisimamisha, kwa hiyo mtengenezaji huipa springi ngumu zaidi. Hilo linaleta maudhi mawili kwa mpigo: ni ngumu kukoki, na inadai kigingi imara kutoka kwa mtu ambaye mpini wake mfupi umemwachia nafasi ya vidole viwili tu. Kidole kidogo kinaning'inia hewani. Anayeanza anapewa mtumbwi mwepesi, mpira mgumu na kigingi cha kwenye tope.

Yapo na mengine, nayapitia haraka. Vilengeo: kilengeo cha mbele kikiwa sentimita 16 kutoka cha nyuma, kosa la milimita moja kati yao linakupeleka sentimita 6 pembeni kwa shabaha ya mita 10, vikiwa sentimita 10, kosa hilohilo ni sentimita 10. Rivolva haitegemei teke hata kidogo kwa sababu silinda yake huzungushwa na kidole chako, lakini kidole hicho hulipa kwa kifyatulio kizito. Kuanguka: bastola za siku hizi huwa na kizuizi cha pini ya kufyatulia, ila mwaka 2017 Sig Sauer walilazimika kuiboresha P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Ala iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote. Nyumbani ifungiwe, risasi zikae mbali nayo.

Kuhusu kuficha, jambo ambalo mdogo wa msomaji wangu anadhani ndilo kubwa, muuzaji amempimia mahali pasipo. Mtutu unateremka ndani ya suruali, sambamba na paja. Sentimita mbili zaidi hazionekani. Kinachomfichua mtu ni kitako cha mpini, kile kinachochomoza nyuma na kuinua shati anapoinama kufunga kamba za kiatu. Kwa hiyo bastola yenye mtutu wa kutosha na mpini wa wastani, yenye gramu 600 au 700 kabla ya kujazwa risasi, hufichika karibu sawa na ile ya mfukoni, na teke lake linabebeka. Glock 19 iko kwenye kundi hilo, na ziko nyingine nyingi za viwanda vingine. Jina ni la mwenye fedha kuchagua. Mimi ninachotetea ni uzito, na mpini unaokaliwa na vidole vyote.

Kabla ya kulipa aende uwanja wa shabaha. Wakazi wa Nairobi wana Kirigiti, Kiambu. Apige kwa hiyo ndogo na kwa hiyo ya wastani, siku moja, risasi za aina moja, kisha amwombe mwalimu amjazie magazini bila yeye kutazama, risasi bandia moja ikiwa imechanganywa katikati ya zile za kweli. Risasi huuacha mtutu katika karibu nusu ya elfu moja ya sekunde, na mkono wa binadamu huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuitikia jambo, maana yake hakuna awezaye kulikwepa teke likishaanza. Ubongo unajua hivyo, basi unajihami mapema: unausukuma mtutu chini kabla kifyatulio hakijafika mwisho. Kwa risasi ya kweli kosa hilo linamezwa na mshindo, mtu haoni kitu ila tundu lililo chini ya shabaha. Kwa risasi bandia hakuna mshindo wa kulificha. Kifyatulio kinalia "tik", na mdomo wa bastola unazama mbele ya macho yake, sentimita mbili au tatu, katika ukimya mtupu. Aitazame bastola ipi inazama zaidi.