Mkuyu wa nyanya sasa unaishi ndani ya karai

Skia, ule mkuyu wa nyanya pale Bura umekatwa. Shamba liligawanywa, aliyenunua upande wa chini akataka kujenga, basi. Mti uliotupa kivuli tangu utotoni uliisha kwa siku mbili. Lakini kabla msumeno haujafika, nilikuwa nimeshakata vijiti sita. Viwili viko hai.

Ukisikia bonsai unawaza Wajapani tu, sivyo? Sanaa yenyewe ilianzia Uchina, Wajapani wakaiendeleza, na huko Afrika Kusini kuna wanaoutengeneza mti mdogo ufanane na mbuyu. Sasa wewe uko Voi au Mwatate, mibuyu unaipita kila siku. Unangoja nini?

Anza na jamii ya mkuyu, haina maringo. Waganda wanajua: mutuba, ndugu yake anayetoa kitambaa cha magome, hupandwa kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini.

Fanya hivi. Ngoja mvua ikaribie, Machi au mwisho wa Oktoba. Kata tawi la unene wa kidole, sentimita 15 hadi 20. Toa majani, bakisha mawili ya juu. Futa yale maziwa, acha kidonda kikauke kivulini saa kadhaa. Chomeka kwenye mchanga wa mto, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Halafu tafadhali, usikivute kuangalia kama kimeshika! Viwili vyangu vilikufa hivyo. Vingine viwili nilivizamisha kwa maji. Mizizi inataka wiki kadhaa na mchanga wenye unyevu, si tope.

Mwaka wa kwanza acha ukue. Baadaye hamishia kwenye chombo kifupi chenye mashimo chini. Mimi nina karai lililotoboka. Punguza mizizi, pogoa, elekeza matawi kwa waya wa shaba wa kebo kuukuu. Na ukae nje, si sebuleni kando ya TV.

Mbuyu? Panda mbegu, ni rahisi zaidi. Waridi la jangwani pia: kijiti hushika, lakini lile tumbo nene huja vizuri kwa mbegu. Utomvu wake ni sumu, wazee walipaka mishale, kwa hivyo nawa mikono.

Usiingie Tsavo na panga, utajieleza kwa KWS. Omba mwenye shamba. Msandali achana nao kabisa: uvunaji ulipigwa marufuku 2007, na isitoshe hunyonya mizizi ya majirani, peke yake chomboni hautaboka.

Mimi niliacha chuo, karo iligoma. Watu huuliza nafanya nini siku hizi. Vijiti hivi havijanilipa hata bob. Nyanya aliviona akacheka: "Sasa huu utampa nani kivuli, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu. Lakini asubuhi nyingi nikiamka nakuta mchanga umeshanyunyiziwa maji, na si mimi.

Kama kwenu wameanza kuongea habari ya kugawa shamba, usingoje msumeno. Kata kijiti leo.